Baiskeli inalia, inaruka cheni, haishiki breki: anza na kitambaa kabla ya spana

Malalamiko ya baiskeli ukiyasikiliza kwa muda unakuta ni yale yale tu. Cheni inalia, cheni inachomoka, gia haikai, breki hazishiki au zinashika kwa mayowe, tairi unalijaza jioni asubuhi limelala, afu lile ninalolipenda kuliko yote, "nimeiosha vizuri kabisa na sasa imekuwa mbovu kuliko jana". Na dawa ya kwanza ya karibu kila mtu ni kushika kopo la oili na kunyunyizia chochote kinachozunguka. Hata mie nilipitia huko. Siku moja nilipuliza oili kwenye cheni nikiwa na haraka, diski ya breki ya nyuma ipo pale pale jirani, cheni ikanyamaza nikajiona fundi, kesho yake nipo kwenye mteremko nabana breki baiskeli haina habari na mimi. Padi zilikuwa zimekunywa oili.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana nashuka hadi ile ya nadra. Utaona mara nyingi jibu la kwanza ni uchafu, na dawa yake ni kitambaa.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: vitambaa vikuukuu vya kutosha, brashi mbili (moja ya cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno, tu, nyingine ya fremu na rimu, na zisije zikabadilishana kazi hata siku moja), mswaki wa zamani, sabuni ya kuoshea vyombo, oili ya cheni, grisi kidogo, spana za kawaida na zile za L, bisibisi, pampu na viraka.

Kwanza jua kelele inatoka wapi

Usifungue nati yoyote kabla ya kufanya hili. Panda baiskeli sehemu isiyo na magari, ikishashika mwendo acha kukanyaga. Kelele ikikata, shida ipo kwenye cheni, pedeli, krenki (ule mkono unaoshika pedeli) au siti. Ikiendelea, angalia magurudumu, tairi na breki. Sasa kanyaga ukiwa umesimama, makalio umeyainua yasiguse siti, kama kelele imepotea basi ni siti au ile bomba yake. Kelele inayokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli ni pedeli yenyewe au krenki, inayokuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni rimu au tairi, na ile inayokuja kila baada ya mizunguko miwili mitatu ya pedeli mara nyingi ni pingili moja ya cheni iliyokaza, kwa sababu cheni ni ndefu inachukua muda kurudi pale pale.

Dakika tano hizo zinakuokolea nusu siku ya kufungua vitu ambavyo havina kosa.

Cheni inalia, inakwaruza au ni nzito

Sababu kwa mpangilio: imekauka, ni chafu, umeweka oili isiyo yake, ina kutu, imeliwa.

Shika cheni kwa vidole viwili (baiskeli imesimama, tafadhali). Vidole vikitoka vikavu au na vumbi jekundu la kutu, imekauka. Vikitoka na ujiuji mweusi wenye mchanga, hapo kuongeza oili ni kuongeza tatizo maana mchanga na oili vikichanganyika vinakuwa kama msasa wa maji, unasaga pini za cheni kutoka ndani kila unapokanyaga.

Namna ya kuosha: paka maji ya sabuni au dawa ya kuondoa grisi kwenye brashi ya cheni, shikilia brashi kwenye cheni upande wa chini, zungusha pedeli kinyumenyume, safisha juu, chini na pembeni zote mbili. Kwangua ule uchafu mgumu kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa gia (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) kwa kijiti, watu wanavisahau sana na ndo ghala la uchafu. Suuza, kausha kwa kitambaa kikavu, afu acha ikauke kweli kweli kabla ya oili. Oili juu ya maji haiingii ndani.

Sasa oili yenyewe. Tone moja kwa kila pingili, upande wa ndani wa cheni, ile sehemu inayogusa meno, huku unazungusha pedeli taratibu kinyumenyume. Kazi ya oili ni mle ndani kwenye pini na vile viringi vyake, huku nje haina kazi yoyote zaidi ya kukusanya vumbi. Kwa hiyo ukimaliza zungusha kama nusu dakika, subiri iingie, robo saa hivi, afu FUTA. Futa mpaka cheni nje ionekane kama hujaweka kitu. Hatua hii ya kufuta watu wengi wanairuka wakiona ni kupoteza oili waliyoinunua, na ndiyo maana cheni zao ni nyeusi baada ya siku tatu.

Tahadhari ambayo naomba uichukulie serious: usifute cheni kwa kitambaa karibu na sproketi huku pedeli inazunguka kwa kasi. Kitambaa kikivutwa kinavuta na vidole. Kwenye baiskeli isiyo na friwili, ambayo gurudumu likizunguka cheni lazima iende, vidole vinakatika kabisa. Shika cheni sehemu ya chini katikati, mbali na meno, zungusha kwa mkono mwingine, na watoto wakae pembeni.

Kuhusu oili ipi, maana hapa ndo ubishi wote ulipo:

WD-40 ile ya kopo la kawaida inafukuza maji na kulainisha kutu, na kwa kusafishia cheni inafaa tu. Ila kama ndo oili ya kudumu hapana, inakauka haraka na cheni inaanza kulia tena. Kampuni hiyo hiyo ina oili za cheni za baiskeli kwenye makopo mengine, soma kopo.

Oili ya kupikia hapana. Inaganda inakuwa kama gundi.

Oili ya injini mpya inalainisha, sikatai, ila ni nzito na inanasa vumbi vibaya, kama ndo uliyonayo weka kidogo sana na ufute sana. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini usiguse, ina unga wa chuma ndani yake na kwa ngozi yako si salama.

Grisi kwenye cheni ni kosa la kila siku. Grisi ni ya gololi, haipenyi kwenye pini, inakaa nje inaokota mchanga.

Petroli usisafishie kitu, mvuke wake unashika moto kwa cheche tu. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri, nimeyatumia sana, ila iwe nje, mbali na moto na sigara, yasiguse tairi wala raba za breki, na usiyamwage chini. Yakishasafisha osha kwa sabuni, kausha, ndo uweke oili.

Oili za cheni zenyewe zipo za aina mbili kubwa, nyepesi ya kiangazi na nzito ya mvua. Ya kiangazi ukipita nayo kwenye mvua inasombwa ndani ya siku moja, ya mvua ukiitumia kwenye vumbi unapata tope. Chagua kwa njia unayopita. Kila baada ya kilomita 150 hadi 300 hivi rudia, au mapema zaidi kama umenyeshewa, au siku yoyote cheni ikianza kulia, yenyewe inakwambia.

Kama ina kutu ya juu juu, brashi na oili vinatosha. Kama pingili hazikunjiki kabisa, usihangaike, badilisha.

Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu, au inachomoka

Baiskeli isiyo na gia: tisa kwa kumi cheni imelegea tu. Isukume juu na chini katikati kati ya krenki na gurudumu la nyuma, ichezeke kama sentimita 1 hadi 1.5. Ikicheza zaidi ya hapo, legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma, hakikisha limekaa katikati ya fremu, kaza upande mmoja kidogo, mwingine kidogo, mpaka zikaze zote. Usiivute ikakaza kama uzi wa gitaa, utaua gololi. Zungusha pedeli mzunguko mzima ukiangalia, maana sproketi nyingi si mviringo kamili, kuna sehemu cheni inakaza na sehemu inalegea, pima pale inapokaza.

Kama haijalegea, tafuta pingili iliyokaza. Zungusha kinyumenyume polepole, angalia cheni inapopita nyuma, ile pingili mbovu inaruka kidogo haitaki kunyooka. Ishike, ikunje kwa mikono kushoto kulia kidogo tu, weka tone la oili, inaachia.

Bado inaruka? Pima cheni kwa rula yenye inchi. Pini mpaka pini inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo ukiweka katikati ya pini moja kwenye sifuri, inchi 12 lazima iangukie katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita alama kwa milimita 1.5 hivi, badilisha cheni. Ikipita kwa milimita 3, sproketi nazo zimeshaliwa pamoja nayo na hapo kuna mtego mmoja: ukiweka cheni mpya juu ya sproketi za zamani ndo itaruka zaidi ya mwanzo, mtu anadhani ameuziwa cheni feki kumbe meno ya nyuma yamekuwa kama mapezi ya papa. Vinabadilishwa vyote.

Kuna kuruka kwingine ambako si cheni, ni friwili, unakanyaga pedeli inakwenda bure afu inashika kwa kishindo. Pengine ni grisi iliyoganda ndani au vile vikucha vya kushika vimeisha. Hapo usiendelee na barabara ya magari, unaweza kuanguka mbele ya gari ukiwa umesimama kwenye pedeli. Peleka kwa fundi, kuitoa friwili kunahitaji kifaa chake na bila hicho utaharibu tu.

Gia hazikai, zinasitasita au zinajibadilisha zenyewe

Swali la kwanza: baiskeli ilianguka upande wa kulia hivi karibuni? Kama ndiyo, simama nyuma yake uangalie. Vile vigurudumu viwili vya mkono wa gia vinatakiwa vining'inie wima, chini ya sproketi moja kwa moja. Vikiwa vimeinamia kwenye spoku, kishikio kinachoufunga mkono huo kwenye fremu kimepinda. Hapo hakuna kurekebisha waya kutakakosaidia, na USIWEKE gia nyepesi kabisa, mkono ukiingia kwenye spoku unaondoka na gurudumu, kishikio na pengine kipande cha fremu. Kunyoosha ni kazi ya fundi mwenye kipimo chake.

Kama haikuanguka, osha kwanza. Kweli, osha. Uchafu uliojaa katikati ya sproketi unafanya kila kitu kisitesite.

Baadaye njoo kwenye waya. Pale waya unapoingia kwenye mkono wa gia, na kwenye baiskeli nyingine pale kwenye usukani, kuna kinati cha kuzungusha kwa vidole. Cheni ikigoma kupanda sproketi kubwa, waya umelegea, kifungue kinyume cha saa robo mzunguko, jaribu, robo tena. Ikigoma kushuka kwenye ndogo, zungusha upande wa pili. Robo robo, usiwe na pupa. Ukiona haileti tofauti, waya umeshika kutu ndani ya kava, badilisha waya na kava vyote. Waya mpya ukianza kusumbua baada ya siku chache usishangae, unakuwa unajikalisha tu, zungusha kinati yaishe.

Zile skrubu mbili za mkono wa gia zenye H na L ziache. Kazi yake ni kuzuia cheni isitoke nje kwenye sproketi ndogo au isiingie kwenye spoku upande wa kubwa, hazihusiani na gia za katikati, na watu wengi wanaozigusa kwa kubahatisha ndo wanaishia kwa fundi wamebeba baiskeli begani.

Breki hazishiki

Hapa ni pa kutulia, sehemu nyingine ukikosea unatembea kwa miguu, hapa ukikosea unaumia.

Breki za rimu kwanza. Sababu ya kawaida ni rimu chafu au yenye oili. Futa rimu pande zote kwa kitambaa safi chenye spiriti, uangalie na raba. Raba zikiwa zinang'aa kama kioo, zikwangue kidogo kwa msasa mpaka rangi iwe ya kufifia, toa vipande vya mchanga au chuma vilivyonasa. Mifereji ya raba ikiwa imekwisha, raba imekwisha. Raba ya zamani iliyokaa juani miaka inakuwa ngumu kama ukwato hata kama bado nene, nayo itupe.

Sababu ya pili ni waya umelegea. Bana mkono wa breki, ukigusa usukani umelegea sana, unatakiwa ukaze kabla haujafika, pabaki nafasi ya kidole angalau. Kuna kinati cha vidole kama kile cha gia, kifungue nje kidogo kidogo. Kikifika mwisho, kirudishe ndani chote, legeza bolti inayoshika waya kwenye breki, vuta waya kidogo, kaza. Ukimaliza bana breki kwa nguvu zako zote mara kumi ukiwa umesimama, kama waya utateleza uteleze hapo hapo nyumbani.

Waya wenye nyuzi zilizofumuka, hata uzi mmoja, unabadilishwa. Usisubiri.

Hakikisha raba inagusa rimu tu. Ikigusa tairi italichana na tairi kupasuka kwenye mwendo ni balaa, ikikaa chini sana itapitiliza kwenye spoku. Na ukishafuta, angalia uso wa rimu yenyewe: rimu nyingi zina mfereji mwembamba au kitundu cha kuonyesha kuliwa, kikipotea rimu imekwisha, na kama uso umebonyea ndani kama bakuli ukiugusa kwa kidole, usipande tena, rimu ya hivyo inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi tu.

Breki za diski: usiguse diski kwa vidole, vidole vina mafuta, na usiiguse kabisa ukitoka mteremkoni, inaunguza. Isafishe kwa spiriti na kitambaa ambacho hakijawahi kuona oili. Padi zilizokunywa oili unaweza kuzikwangua msasa mpya, wakati mwingine zinarudi, za kwangu hazikurudi nikanunua nyingine. Kuna wanaozichoma kwenye jiko, moshi wake si wa kuvuta na mara nyingi haisaidii. Padi mpya au diski mpya zinahitaji kuzoeana, nenda mwendo wa kawaida, punguza taratibu mpaka karibu usimame bila kufunga gurudumu, kama mara 20, nguvu inakuja yenyewe.

Ukitoa gurudumu lenye breki za diski za mafuta, usibane mkono wa breki, padi zitakutana na kurudi kwake ni shughuli, weka kipande cha kadi katikati. Mkono ukiwa laini kama sponji kuna hewa, ukiona mafuta yanavuja kuna shida kubwa zaidi. Vyote viwili ni vya fundi, na mwambie akuwekee aina ile ile iliyoandikwa kwenye breki, kuna zinazotumia mafuta ya breki yaitwayo DOT na kuna za mafuta ya madini, ukichanganya raba za ndani zinavimba na breki inakufa.

Breki zinapiga mayowe

Zikiwa zinashika vizuri ila kelele tu: uchafu, raba kung'aa (dawa ni ile ile hapo juu), au bolti ya breki imelegea. Zote zikiwa sawa, legeza raba kidogo uikalishe ili upande wa mbele uguse rimu kabla ya nyuma, kama milimita 1 ya tofauti. Kipande cha kadi chini ya mwisho wa nyuma wa raba wakati unakaza kinatosha. Mayowe ya asubuhi yenye umande yanayoisha baada ya kubana mara chache si ugonjwa.

Tairi linaisha upepo

Kabla hujatoa kitu, weka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa vali. Povu likitoka, tatizo ni vali. Zile vali za kizamani zenye kampira kadogo ndani, mpira huo unachakaa unapasuka na tairi linaisha taratibu usiku kucha, badilisha huo mpira tu. Vali kama ya gari, kaza kile kiini chake. Vali nyembamba ya Presta hakikisha umefunga kile kinati cha juu, watu wanakisahau.

Vali ikiwa nzima, toa tyubu, ijaze, pitisha karibu na shavu au kwenye maji. Tundu lenyewe linakwambia kosa. Tundu moja upande wa nje: mwiba, msumari, kioo. Matundu mawili pacha kama meno ya nyoka: ulikuwa na upepo kidogo ukagonga jiwe au ukingo, rimu ikabana tyubu. Tundu upande wa ndani unaotazama rimu: kichwa cha spoku au ule utepe wa rimu umehama. Tundu kwenye mzizi wa vali: tairi linateleza kwenye rimu kwa upepo mdogo, na hilo kiraka hakishiki, tupa tyubu.

Sasa kosa la milele, mtu anaziba tyubu anarudisha kila kitu, dakika kumi chini tena. Mwiba umo kwenye tairi bado! Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko wote, kitanasa pale penye kitu (kidole baadaye, taratibu, usijichome). Mie naweka maandishi ya tairi yatazamane na vali siku zote, nikipata tundu kwenye tyubu najua kwenye tairi nitafute wapi.

Kuziba: kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, gundi nyembamba, subiri dakika kama tano mpaka isiwe na maji maji, ndo ubandike na kubonyeza kwa nguvu. Kutosubiri ndo sababu ya viraka vingi kubanduka. Ukijaza fuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, bar 1 ni kama PSI 14.5, na usizidishe ile ya juu.

Tairi likiwa na uvimbe kama jipu au nyuzi zinaonekana ubavuni, usilipande.

Kuna kitu kinagonga kila ukikanyaga

Pedeli imelegea, mara nyingi tu. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo usibahatishe: spana ikiwa juu, kuivuta kuelekea nyuma ya baiskeli ni kufungua na kuelekea mbele ni kukaza, pande zote mbili. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kurudisha.

Halafu krenki. Zile zenye kota pini, yaani pini inayofunga krenki kwenye ekseli, pini ikilegea inagonga mara mbili kila mzunguko na ukiendelea kupanda inakula tundu la krenki mpaka pini mpya nayo haikai. Pini inaingizwa kwa nyundo huku krenki imeegemezwa kwenye chuma kizito chini, nati ni ya kuishikilia tu, ukiivuta kwa nati utakata nyuzi. Krenki za bolti, kaza bolti leo hii, krenki iliyolegea inajiharibu yenyewe ndani ya safari chache.

Krenki ikicheza kushoto kulia pamoja na ekseli yake, ni gololi za katikati, mwachie fundi kama huna vifaa. Mlio wa kukereketa kwenye siti ni bolti za reli zake au bomba kavu, itoe, futa, paka grisi, rudisha, isipokuwa bomba au fremu ya kaboni ambayo ina dawa yake na grisi haitakiwi. Usipandishe siti kupita ile alama ya mwisho kwenye bomba.

Gurudumu linayumba, usukani unagonga

Shika rimu juu, isukume kushoto kulia. Ikicheza kwa tok tok, koni (zile nati zinazobana gololi za gurudumu) zimelegea, zinahitaji spana nyembamba na uvumilivu, kaza mpaka kuchezacheza kuishe lakini gurudumu bado lizunguke laini. Ukifungua habu (kitovu cha gurudumu) kabisa weka gololi mpya, mbele mara nyingi ni 10 kila upande na nyuma ni 9 kubwa za robo inchi, hesabu zilizotoka kabla hazijakimbilia chini ya kabati.

Rimu ikiyumba bila kucheza, kwanza legeza gurudumu ulikalishe upya, labda lilikaa upande tu. Kama sivyo gonga spoku mbili mbili kwa vidole, iliyolegea utaisikia, kaza robo mzunguko. Spoku zaidi ya mbili tatu, acha, utaipinda rimu iwe kama nane.

Usukani: bana breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele nyuma. Mlio wa kugonga ukisikika kwenye shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu, imelegea. Kwenye usukani wa kisasa legeza bolti za pembeni kwanza, kaza ile ya juu kidogo tu, afu kaza za pembeni. Ya juu ukiikaza huku za pembeni zimekaza unajisumbua.

"Nimeiosha imekuwa mbovu"

Ulipuliza maji ya kasi kwenye habu, kwenye shingo au katikati ya krenki, na maji yameingia kwenye grisi. Mashine ya maji ya kuoshea magari isiwe na kazi kwenye baiskeli, ndoo na brashi vinatosha. Anza na cheni na sproketi maana ndo chafu, malizia fremu, kausha, idondoshe mara mbili tatu kwa matairi maji yaruke, oili ya cheni mwisho kabisa. Ukiona rangi ya chungwa kwenye cheni asubuhi ni kutu ya usiku mmoja, futa na uweke oili. Ikiwa habu sasa inakwaruza kama ina mchanga, hapo inabidi kufungua na kuweka grisi mpya, hakuna njia ya mkato.

Na ukiwa unafuta fremu, futa polepole pale mabomba yanapoungana, chini ya shingo, karibu na krenki, na kwenye foku (ile panda inayoshika gurudumu la mbele). Mstari mwembamba ambao hautoki kwa sabuni, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa ni ufa, chuma au alumini au kaboni ni yale yale, hiyo baiskeli unaikokota mpaka kwa fundi, huipandi.